Maji ya Kifuu, Bahari ya Chungu

Wahenga walinena kuwa maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Aghalabu sisi huitamka methali hii kwa kebehi, tukimcheka mtu ambaye jambo dogo limemwelemea. Leo, msomaji mpenzi, nataka kuitamka kwa heshima. Yule mdudu chungu hana kosa lolote. Ameona bahari kwa sababu kimo chake ni kimo cha chungu, na lau sisi tungalikuwa na kimo hicho, tungaliogopa na kustaajabu vile vile. Na mtoto wa miaka minne, anaposhikwa mkono akapelekwa kutazama maji yanayoanguka kutoka juu ya mwamba, ni chungu wa namna hiyo. Anayaona makubwa kuliko tunavyoyaona sisi. Njia ya kuyafikia ni ndefu kwake kuliko ilivyo kwetu. Na hatari yake kwake ni kubwa kuliko tunavyodhani.

Nayasema haya kwa sababu kila likizo ya shule inapokaribia, huwasikia wazazi vijana wakipanga kuwatembeza watoto wao, na mipango yao hunitia wasiwasi. Hupanga kwa miguu yao wenyewe. Huhesabu kilomita kwa hatua za mtu mzima, wakahesabu na saa kwa subira ya mtu mzima, kisha njiani mtoto akilia hushangaa na kumkemea. Upande wa pili wako wale wasiopanga kabisa. Hao wakisikia neno maji husema, "Mtoto wangu? Hata kidogo!" wakafunga mlango.

Maoni yangu nayatanguliza mapema, ili asiyekubaliana nami apate nafasi ya kuziweka tayari hoja zake. Nasema kwamba safari ya kwenda kwenye maporomoko pamoja na watoto wadogo ipimwe kwa mguu wa yule aliye mdogo kabisa. Na nasema kwamba mzazi anayemficha mtoto maji kwa kuyaogopa, anaikuza hatari ile ile anayoikimbia.

Alifu kwa kijiti

Mpwa wangu mmoja anafundisha Homa Bay. Juzijuzi aliniletea ujumbe kwa simu. "Shikamoo mjomba," aliandika. "Agosti tukifunga shule nataka kuwatembeza watoto. Tutoke alfajiri, tuone ziwa la Simbi, tuteremke Migori tukaone kuta za Thimlich Ohinga, tuishie Gogo kwenye maporomoko, na jioni turudi nyumbani. Waonaje?"

Watoto wake ni watatu. Mkubwa ana miaka tisa, wa kati sita, na kitinda mimba hajatimiza minne. Nikamjibu, "Marahaba, mwanangu. Hiyo si safari moja, ni tatu; na ukizifunga kamba moja, mbili zitakuwa za kilio."

Sisi tuliokalia jamvi la chuoni twajua maana ya kuanza alifu kwa kijiti. Mwalimu hakumpa mtoto msahafu mzima siku ya kwanza. Alimpa herufi moja, akamwonyesha kwa kijiti, na asubuhi nzima ikapita juu ya herufi hiyo. Aliyefuata utaratibu huo alifika Yasini bila ya kujua amefikaje. Kutembea nako kuna alifu yake, na nchi ile ya Homa Bay na Migori, ambayo zamani ilikuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini, imejaaliwa kuwa na alifu, be na te za watoto, kama kwamba zimepangwa na mwalimu.

Alifu ni Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay. Sisi watu wa Pwani hatuoni ugeni mkubwa Kendu Bay, kwani ni mji ambao Waislamu wamekaa tangu zamani na adhana husikika. Simbi ni ziwa dogo lenye maji ya magadi, limekaa ndani ya shimo la volkeno. Pembezoni mwake familia yaweza kutembea kidogo kidogo, ikasimama, ikatazama heroe wanapokuwapo, ikarudi. Hapana mwamba wa kuparamia. Kuna na hadithi. Wajaluo husimulia kwamba palikuwa na kijiji hapo. Usiku mmoja wa ngoma na pombe akaja bibi kizee, ana njaa na baridi, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemhurumia. Bibi akamwonya aondoke na watu wake, kisha ikanyesha mvua, kijiji kikazama na watu wake na ngoma zao. Mtoto aliyesimuliwa hayo ukingoni mwa ziwa lenyewe atauliza maswali njia nzima, na anayeuliza maswali hana nafasi ya kusema amechoka.

Be ni Thimlich Ohinga, upande wa Migori. Hizo ni kuta za mawe zilizojengwa na watu wa kale karne kadhaa zilizopita, na mwaka 2018 UNESCO ilizitia katika orodha ya urithi wa dunia. Mimi niliyekulia karibu na magofu ya chokaa na matumbawe nilipoziona mara ya kwanza nilisimama kimya. Jiwe limewekwa juu ya jiwe, bila ya chokaa, bila ya udongo wa kuyashika, na mahali pengine ukuta unapita mita 4 kwenda juu. Kwa watoto uzuri wake uko kwenye milango. Ilijengwa mifupi, adui asiweze kuingia kwa kishindo. Baba huinama, mama huinama, na mtoto hupita wima kama jumbe. Katika dunia iliyojengwa yote kwa kimo cha wakubwa, hapo ni mahali pamoja ambapo mtoto anaona mlango wa kimo chake.

Ndipo ije te, yaani Gogo. Likizo nyingine, au mwezi mwingine, lakini si siku ile ile.

Mto Kuja

Mto unaoanguka Gogo ni Kuja, ambao Wakisii huuita Gucha. Huanza katika milima ya Kisii na Nyamira, ukateremka kuelekea magharibi, ukaungana na mto Migori, ukaingia Nam Lolwe, ziwa ambalo ramani huliita Victoria. Gogo iko Migori, si mbali na zile kuta za Thimlich. Katika miaka ya 1950 palijengwa bwawa na mtambo wa umeme hapo, ili kuipa nguvu migodi ya Macalder, iliyokuwa ikichimba shaba na dhahabu. Mgodi ule ulifungwa katika miaka ya 1960, mtambo ukabaki. Nguvu yake ni megawati 2, kiasi kidogo katika hesabu za leo, na umeme wake huingia katika nyaya za taifa.

Basi kabla ya yote ajue mzazi kwamba anakwenda mahali penye mtambo, si kwenye bustani. Ruhusa iombwe mapema kwa wanaohusika, na palipozuiwa pasiingiwe. Mtoto akimwona baba yake anaomba ruhusa na kungoja jibu, amekwisha kupata somo moja hata kabla ya kuyaona maji.

Somo la pili ni la ukale. Mwaka 1983 mtaalamu wa mambo ya kale, Peter Robertshaw, alichimba karibu na maporomoko hayo. Udongoni mlitoka vigae vya vyungu, mifupa ya wanyama, na mifupa ya samaki ya watu waliovua hapo maelfu ya miaka iliyopita. Wala si ajabu kwamba walipachagua. Samaki kama ningu hupanda mito hii wakati wa mvua kwenda kutaga mayai, na palipo na mwamba mtoni samaki hukwama, na palipokwama samaki pana mvuvi. Kwa hiyo anayesema kwenda kukaa kando ya maporomoko ni anasa iliyoletwa na Wazungu, naye akautazame ule udongo. Watu walikula samaki wao Gogo, na watoto wao pembeni, kabla ya kuwako neno utalii.

Sasa niseme juu ya majira, maana hapa ndipo penye jambo la kufa na kupona. Likizo ya Aprili huangukia masika. Kuja hujaa, maji huwa mekundu kwa udongo, na huko chini Nyatike watu huhamishwa na mafuriko. Mwezi huo usimpeleke mtoto. Likizo ya mwisho wa mwaka nayo hukutana na mkia wa vuli. Agosti ndiyo nafuu zaidi, kwani masika yamekwisha na vuli haijaingia. Lakini hata Agosti kuna siri ambayo wenyeji wanaijua na mgeni haijui, kwamba mvua ya Kisii hufika Gogo bila ya wingu. Milimani huko mvua haina likizo. Yaweza kunyesha jana jioni ukiwa umelala, na leo asubuhi ukaamka Migori mbingu safi kama sahani, huku mto unakuja umejaa. Anayetazama mbingu ya juu ya kichwa chake tu, hajautazama mto. Mwulize mtu wa pale, "Jana huko juu kulinyesha?" Swali hilo moja lina thamani kuliko viatu vipya.

Mos mos

Njia kutoka Homa Bay yapita Rodi Kopany hadi Rongo, kisha Awendo penye mashamba ya miwa, hadi mji wa Migori, ndipo ushike barabara ya kwenda Macalder. Hiyo ni safari ya gari, na mtoto aliyekaa garini amekwisha kuchoka kabla hajatia mguu chini. Kwa hiyo lalieni Migori au kwa jamaa mwenye nyumba karibu, mwondoke asubuhi na mapema. Jua la mchana la huko ni kali, na alasiri mara nyingi radi za ziwani huamka. Gari au bodaboda iwaache mahali ambapo mwendo uliobaki ni wa nusu saa, nami nasema nusu saa ya mguu wa yule mdogo, pamoja na kusimama kwake. Maana atasimama. Ataona mjusi. Ataokota kijiwe, akitupe, akiokote tena. Atataka kujua ng'ombe wale ni wa nani.

Nasi wakubwa hapo ndipo tunapokosana naye. Sisi tumetoka nyumbani tukiwa na neno moja, kufika. Yeye amekwisha kufika. Amefika kwenye kichuguu, kwenye mti ulioanguka, kwenye mfereji wa maji mapana ya shibiri mbili. Kifuu chake kimejaa. Tukimvuta mkono na kumwambia, "Twende, mbele kuna makubwa," tunamfundisha kuyadharau madogo, na baadaye tutamlaumu akiwa mtu mzima asiyetazama anapokanyaga.

Katika Kiluo kuna neno ambalo limenipendeza tangu nilipolisikia. Mtu akipatwa na jambo huambiwa mos, na mtu akienda taratibu husemwa anakwenda mos mos. Hebu tazama, msomaji. Kwetu pia anayepatwa na jambo huambiwa pole, na anayekwenda taratibu huenda polepole. Ndugu wawili hawa, mmoja wa ziwani na mmoja wa baharini, lugha zao hazikuzaliwa nyumba moja, lakini zote mbili zimeona kuwa huruma na mwendo wa taratibu ni neno moja. Anayemwendesha mtoto polepole amemwambia pole kabla hajaumia.

Kuna hesabu nyingine ambayo wengi huisahau. Anayepanda mlima huanza na taabu akamaliza na raha, kwa kuwa kurudi ni kuteremka. Maporomoko ni kinyume chake. Maji hukaa bondeni. Kwenda ni kuteremka, watoto hukimbia na kucheka, na baba hujisifu kuwa wana wake ni mashujaa. Kisha inakuja saa ya kurudi, jua limepanda, matumbo yamejaa, na njia imesimama wima. Hapo shujaa wa miaka minne huketi chini. Kwa hiyo nusu ya maji ya kunywa yabaki kwa kurudi, nusu ya chakula pia, na mgongo wa baba au leso ya mama iwe imehesabiwa tangu nyumbani kuwa chombo cha safari.

Chakula kisiwe cha fahari. Viazi vitamu vilivyochemshwa, mayai, ndizi za Kisii, njugu, au nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja, ambayo watu wa huko huyajua vyema. Maji yawe yaliyochemshwa, yatoke nyumbani. Kila mtoto avae viatu vilivyofungwa na kofia. Na kila mtoto ambaye hajafika umri wa kusoma awe na mtu mzima wake mmoja anayejulikana kwa jina, kwa kuwa mtoto wa wote ni mtoto asiye na mwangalizi. Watu wazima wakiwa wawili na wadogo wakiwa watatu, mmoja wa jamaa aongezwe, au safari ingoje.

Na kwa mwenyeji msipite kama upepo. Salimieni kwanza. Mwambieni mzee wa pale, ambaye watu wake humwita jaduong', mmetoka wapi na mnakwenda kutazama nini. Mwombeni kijana wa kuwaongoza, na mumlipe. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nasi wageni tusigeuze methali tukawaachia wenyeji makaratasi na chupa za plastiki peke yake.

Hofu ya maji

Najua wako watakaonijibu, na jibu lao si la kupuuzwa. Watasema, "Mzee, watoto wanakufa maji kila mwaka. Kuna mamba. Kuna kichocho. Wewe watushauri tuwapeleke huko?"

Yote hayo ni kweli. Mto Kuja una mamba na viboko, hasa upande wa kuelekea ziwani. Kichocho kimeenea katika bonde la ziwa lile; vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini wakapenya ngozi ya mtu aliyeingia maji, hata kama hana jeraha. Ndiyo sababu nasema kwenda kutazama, sisemi kwenda kuoga. Tangu nyumbani watoto waambiwe kuwa leo hakuna atakayeingia majini, si mdogo wala mkubwa, na baba mwenyewe asivue viatu. Wakifika, mtu mzima achague mti au jiwe, mbali na ukingo na mbali na mwamba wenye utelezi, aseme, "Hapa ndipo mwisho wetu." Mpaka usioonekana kwa macho mtoto haushiki, lakini jiwe analiona.

Hata hivyo hoja ya kumficha mtoto maji siikubali. Mtoto wa Homa Bay au wa Migori hatakaa milele bila ya kuyafikia maji. Ziwa liko mlangoni mwake. Siku moja atatumwa kuchota, au wenziwe watamwita wakati wazazi wako kazini, naye atakwenda. Suala ni moja tu: siku hiyo atakwenda akiwa na nini kichwani? Aliyeambiwa "usiende" bila ya kuonyeshwa sababu, atakwenda kwa siri, na siri ndiyo huzamisha, kwa kuwa hapana mtu mzima anayejua yuko wapi. Aliyewahi kusimama kando ya maporomoko, mkono wake ndani ya mkono wa mama, akaisikia ardhi inatetemeka chini ya viatu vyake, akaona gogo la mti linachukuliwa kama unyasi, huyo maji yamekwisha kumfundisha yenyewe, kwa sauti yenye nguvu kuliko ya mzazi.

Huko kwetu Pwani babu zetu hawakutuficha bahari. Kabla hatujaruhusiwa kuogelea tulipelekwa ufuoni kukaa tu. Babu yangu alitukalisha mchangani akatufundisha majina: haya ni maji mafu, wiki ijayo yatakuja bamvua, pale maji yanapoonekana yametulia katikati ya mawimbi pana mkondo, usipaendee. Tulijua majina ya maji kabla ya kujua kuyaogelea. Hofu aliyotupa ilikuwa na majina ndani yake, na hofu yenye majina ni elimu. Hofu isiyo na jina ni giza tu, na katika giza watu hujikwaa.

Basi na mtoto wa ziwani apewe majina. Ajue mto huu ni Kuja, unatoka Kisii, unakwenda Nam Lolwe. Ajue ningu hupanda wakati gani, na kwa nini maji ni mekundu Aprili, na umeme unaowaka kwenye nyaya unatokana na nini. Mengi ya hayo yamo katika vitabu vya shule, lakini kitabuni mto ni mstari wa samawati, na mstari wa samawati haujapata kumlowesha mtu.

Kurudi si kushindwa

Kuna jambo moja ambalo ningependa kila mzazi alikubali moyoni kabla hajafunga kikapu. Ajiandae kurudi bila ya kufika. Mtoto akiwa na homa, au mto ukiwa umejaa, au mwenyeji akisema leo si siku, au yule mdogo akikataa kabisa, basi kaeni pale pale chini ya mti, mle mayai yenu, msikilize mngurumo kwa mbali, mrudi. Tena msirudi kwa manung'uniko. Mtoto aliyeona baba yake anageuka kwa hiari, bila ya hasira, amefunzwa ujasiri adimu kuliko ule wa kusonga mbele. Wengi waliopotea majini na milimani hawakupotea kwa kutokujua njia. Walipotea kwa kuona haya kurudi.

Sasa neno langu kwa wakubwa wa kaunti hizi mbili. Nimefika mahali pengi pa namna hii katika nchi yetu. Penye simba wa kuonyesha wageni hukuta lango, bango na choo. Penye mto wa kuwafaa watoto wa mwalimu na wa muuza samaki, ambao mfuko wao ni nauli na mayai ya kuchemsha, mara nyingi hukuta hapana kitu. Si fedha nyingi zinazotakiwa. Njia fupi iliyosafishwa, kizuizi cha chuma au cha mbao mahali pa kutazamia, kivuli, choo, na bango linalosema mto huu ni upi, hatari yake ni ipi, na ulifanya nini katika historia. Bango hilo liandikwe kwa Kiluo na kwa Kiswahili, ili mtoto aweze kumsomea bibi yake.

Kwa Gogo ombi hili lina haraka yake. Kwa miaka kadhaa pamekuwa na mipango ya kuujenga upya mtambo ule uwe mkubwa zaidi. Siupingi, nyumba zinataka taa. Lakini wanapochora ramani za zege na mabomba, wachore na mita chache za familia kusimama na kutazama. Maji yaliyovutia watu kwa maelfu ya miaka yasije yakabaki nyuma ya uzio, yakawa kitu cha kulipiwa bili tu na kisichoonekana. Kwani mtoto asiyeuona mto, kesho akiwa mkubwa na akiambiwa unachafuliwa, atauliza: mto gani?

Mpwa wangu amenijibu kwamba Agosti wataanza na Simbi. Gogo ataingoja mpaka yule mdogo awe amezoea njia. Kwa hao na kwa wengine wanaofunga vikapu, naaga kwa ubeti:

Mkishuka mabondeni, safari si ya mvuto,
Mwana awe mkononi, akikaribia mto,
Akichoka rejeeni, kurudi si jambo zito,
Maji haya kifuuni, ni bahari kwa mtoto.